Barua ya wazi: Vibonzo vya zamani vya Kiswahili viwekwe mahali pa heshima

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pamoja na viongozi wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na COSOTA (taasisi ya hakimiliki).

YAH: UKUSANYAJI NA UHIFADHI WA VIBONZO VYA ZAMANI

Waheshimiwa,

Naandika kuwaomba jambo moja ambalo limo ndani ya madaraka yenu na ambalo linazidi kuwa gumu kila mwaka unapopita: kukusanya, kuorodhesha na kuhifadhi vibonzo vya Kiswahili vilivyochapishwa katika magazeti na majarida ya nchi hii tangu miaka ya 1960 hadi mwisho wa karne iliyopita, ili vipate nafasi ileile iliyopewa riwaya na diwani za mashairi katika rafu za Maktaba Kuu ya Taifa. Mimi si mchoraji, wala si mtafiti. Ni msomaji niliyekuzwa na vibonzo, na mpaka leo nikiona rundo la majarida ya zamani kwa muuza vitabu wa kando ya barabara siwezi kupita bila kuinama na kulipekua.

Nianze na mhusika wa kibonzo Chakubanga, kwa kuwa yeye ni mkubwa wa ukoo. Mchoraji Christian Gregory alimleta katika gazeti la Uhuru mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Azimio la Arusha lingali jipya masikioni mwa watu na gazeti hilo likiwa sauti rasmi ya TANU, chama tawala cha wakati ule. Katika kurasa zilizojaa hotuba, maazimio ya mikutano na habari za mavuno ya pamba, msomaji alimkuta mtu wa kawaida mwenye matatizo ya kawaida, aliyechorwa kwa mistari michache na kupewa maneno machache zaidi. Nayaheshimu sana magazeti ya wakati ule kwa sababu yaliona kuwa taifa linalojijenga linahitaji pia nafasi ya kujicheka. Mwanahistoria anayesoma hotuba peke yake atajua viongozi walitaka wananchi wawe watu wa namna gani. Akitaka kujua wananchi wenyewe walikuwa watu wa namna gani, hana budi kusoma na kile kisanduku cha Chakubanga kilichokuwa kwenye ukurasa uleule.

Baadaye likaja jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao waliunganisha mwanzo wa majina yao na kulipa jarida jina. Hapo ndipo vibonzo vya Kiswahili vilipotoka kwenye kona ya gazeti na kuwa jambo lenyewe ambalo mtu alitoa fedha kulinunua. Sani lilisomwa katika miaka migumu, ile ya foleni za sukari na sabuni baada ya Vita vya Kagera, na nakala moja ilipita mikononi mwa nyumba nzima, kisha kwa majirani, kisha bwenini shuleni, hadi majalada yakachanika na kurasa za katikati zikabaki zimeshikiliwa na pini moja. Ndiyo maana ni vigumu leo kupata nakala nzima. Zilisomwa mno.

Msanii aliyelipa jarida hilo uso wake ni Philip Ndunguru. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge mtukutu: hawa si wahusika tu, ni watu ambao kizazi kizima kiliwafahamu kama kilivyowafahamu wajomba zake. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado, na wachoraji waliomfuata wakaendelea kuwachora wahusika hao kwa sababu wasomaji wasingekubali wapotee. Nikitazama kazi yake sasa, kwa jicho la mtu mzima, kinachonishangaza ni uhodari wa mwili katika michoro ile. Mtu wa Ndunguru anaposema uongo, bega lake husema uongo pia. Anapokimbia, hukimbia mpaka kwenye vidole vya miguu. Hakuna shule ya vibonzo iliyomfundisha hayo. Alitazama watu wa mitaani na kukumbuka alichokiona, na ustadi wa namna hiyo ungekuwa wa nchi nyingine ungekuwa umeandikiwa vitabu.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye jambo la lugha na mitaa, kwa maana ndilo linalozigusa moja kwa moja baadhi ya taasisi ninazoziandikia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka mwaka 1981, na kwa wajibu wake ilishughulikia lugha sanifu. Lugha ya vijiweni, ya kondakta, ya mama wa kilabuni, ya kijana aliyeshuka stesheni kutoka bara akiwa na sanduku la mbao, haikuwa kazi yake. Lugha hiyo ilipata pa kulala ndani ya vibonzo, na iliandikwa kama ilivyosemwa, ikiwa na mikato yake, matusi yake ya upole na utani wake wa makabila. Zaidi ya hayo, kila toleo lina tarehe au namba. Mtafiti anayetaka kujua neno fulani la mtaani lilikuwa likitumika lini hahitaji kubahatisha. Atafungua toleo na kulikuta neno limetoka kinywani mwa mhusika aliyevaa mavazi ya msimu uleule. Vilevile kwa vitu vya macho. Suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira, mabenchi ya mgahawa, mbao za matangazo, jinsi watu walivyopanga mstari na jinsi walivyoukatiza: mpigapicha wa wakati ule alitunza filamu yake kwa ajili ya harusi na ziara za viongozi, lakini mchora vibonzo alihitaji vitu hivi kila wiki ili kisanduku chake kisiwe kitupu.

Jirani zetu wa Kenya wanayo hazina ya aina hiyohiyo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza katika miaka ya 1950 na akaishi kwa miongo mingi, hasa katika kurasa za Taifa Leo. Na jarida la Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilitoka kati ya mwaka 1973 na 1979 na mpaka leo husimuliwa. Mipaka ya vibonzo haikufuata mipaka ya nchi. Mchora vibonzo Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akapata jina kubwa akiwa Nairobi, na mwaka 1996 kitabu chake cha vibonzo kuhusu Abunuwasi kilitolewa huko na mchapishaji Sasa Sema. Mtoto wa pwani anayezijua hadithi za Abunuwasi kwa mdomo wa bibi yake alizikuta zimevaa kanzu na kilemba ndani ya visanduku. Kingo wa James Gayo na Kipanya wa Masoud, ambao bado wako hai katika kumbukumbu za wasomaji wa magazeti, hawakuota jangwani. Walikuwa na watangulizi, na watangulizi hao ndio tunaowapoteza.

Tunawapoteza kwa sababu ya karatasi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na kitu kigumu kinachoshikanisha nyuzi zake kiitwacho lignini, ambacho kikikutana na mwanga na hewa hugeuza karatasi kuwa ya manjano na kuacha asidi inayokata nyuzi zake kidogokidogo. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Ongezeni mchwa, ukungu, pini zinazoshika kutu, na selotepu ambayo wasomaji wenye nia njema waliibandika ili kuunga kurasa zilizochanika, nayo baada ya miaka huacha doa la gundi lisilotoka. Kisha kuna hatari iliyo kubwa kuliko wadudu wote: mzee anafariki, vijana wanasafisha chumba, na masanduku ya majarida yanauzwa kwa kilo kwa wauza karanga na maandazi. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Watu hutupa kile ambacho hawajawahi kuambiwa kwamba kina thamani.

Sheria ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za machapisho yao, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeipa Idara ya Nyaraka wajibu mpana wa kutunza kumbukumbu za nchi. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Ninachoomba ni kwamba sheria zilizopo zisomwe zikiwa na macho ya kuona kibonzo. Magazeti makubwa yalihifadhiwa kwa kiasi fulani, lakini yameorodheshwa kama magazeti tu, kwa jina na tarehe; hakuna kadi wala ukurasa wa kompyuta unaomwambia msomaji kwamba ndani ya mabuku yale mazito ya Uhuru kuna kazi za miaka mingi za Christian Gregory. Majarida ya burudani yana hali mbaya zaidi, kwa kuwa mengi yalitolewa na wachapishaji wadogo walioibuka na kutoweka, na ambao huenda hawakuwahi kusikia habari ya kuwasilisha nakala. Nimewahi kuuliza majarida ya vibonzo katika maktaba moja ya umma nikajibiwa kwa upole kwamba vitu vya kuchekesha havitunzwi. Aliyenijibu alikuwa mtu mwema aliyefuata desturi aliyoikuta. Desturi hiyo ndiyo ninayoomba ninyi mlio juu yake muibadilishe kwa waraka wa maandishi, ili mkutubi wa mkoa akiletewa boksi la Sani na familia ya marehemu ajue kwamba ana ruhusa na wajibu wa kulipokea.

Kuhusu namna ya kuhifadhi, kuna funzo kubwa kutoka Marekani ambalo tungefanya vibaya kulipuuza. Maktaba nyingi za huko, katika karne iliyopita, zilipiga magazeti yao picha za filamu ndogo na kisha kuyatupa ili kupata nafasi. Filamu hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kurasa za Jumapili zenye vibonzo vya rangi, ambazo zilikuwa miongoni mwa kazi bora za uchapaji wa wakati wake, ziligeuka vivuli vya kijivu. Mtu mmoja wa California, Bill Blackbeard, aliona hatari hiyo na kuanzia miaka ya 1960 akawa anazifuata maktaba kuomba yale yaliyokuwa yakitupwa, akayajaza nyumbani kwake kuanzia chini hadi juu. Mkusanyiko wake ulipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Ohio State mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na uzito wa takriban tani 75 na ulihitaji malori makubwa sita kuusafirisha. Leo wasomi na wachapishaji wanaotaka kuona rangi halisi za vibonzo vya Marekani vya zamani wanamshukuru yeye, mtu binafsi aliyeokoa kilichotupwa na taasisi.

Kwa hiyo naomba, tena kwa msisitizo, kwamba kazi ya kidijiti itakapofanyika kwetu isije ikawa sababu ya kutupa karatasi. Nakala asilia zibaki, katika maboksi yasiyo na asidi, mbali na jua, katika chumba chenye ubaridi na ukavu wa kudumu. Picha zichukuliwe kwa rangi hata pale ukurasa unapoonekana kuwa mweusi na mweupe, kwa sababu rangi ya karatasi, wino uliofifia na alama za kalamu za wasomaji ni sehemu ya ushahidi. Na zichukuliwe kwa ubora wa nukta zisizopungua 400 kwa inchi, ili mstari mwembamba wa brashi usivunjike. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba ukurasa mzima uchukuliwe, wala si kibonzo peke yake kilichokatwa pembeni. Tangazo la sabuni lililo chini yake, barua za wasomaji zinazoomba marafiki wa kalamu, bei iliyochapwa jaladani: vyote hivyo ndivyo vinavyoeleza kibonzo kilizungumza na nani.

Yapo makumbusho ya vibonzo duniani ambayo yamejengwa kwa fahari. Brussels walikifungua kituo chao mwaka 1989 ndani ya jengo lililosanifiwa na Victor Horta, na Kyoto walifungua makumbusho yao ya manga, yaani vibonzo vya Kijapani, mwaka 2006 katika majengo ya iliyokuwa shule ya msingi, mahali ambapo wageni hulala kwenye nyasi wakisoma. Sidai tuanze na jengo. Chumba kimoja katika Maktaba Kuu, chenye meza, mkutubi aliyefundishwa na orodha inayoaminika, kingetosha kabisa kuanzia.

Suala la hakimiliki linahitaji uangalifu, na hapa nawaelekea COSOTA. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki za msanii hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba kazi za Ndunguru bado zina wenyewe hadi mwaka 2036, na za wengi waliofariki baada yake kwa muda mrefu zaidi. Sitaki kuona uhifadhi ukifanywa kwa kuwapuuza wajane na watoto wa wachoraji, ambao mara nyingi hawakupata chochote zaidi ya malipo madogo ya siku ile kazi ilipotoka. Wakati huohuo, kimya cha sheria hakiwasaidii: michoro ileile inazunguka kwenye simu za watu ikiwa imekatwa sahihi ya mchoraji, na wapo wanaoichapa kwenye fulana. COSOTA ikiwatafuta warithi, ikawaandikisha, na ikaandaa makubaliano mepesi yanayoruhusu maktaba kuhifadhi na kuonyesha huku matumizi ya biashara yakilipiwa, familia zitakuwa za kwanza kufurahi, na pengine za kwanza kufungua makabati. Michoro asilia, ile iliyochorwa kwa mkono kabla ya kwenda kiwandani, ikiwa bado ipo mahali popote basi ipo katika makabati hayo.

Wachoraji walio hai nao wahojiwe sasa. Kuna maarifa ya kazi ambayo hayakuandikwa popote: walichora kwa kalamu gani, wino waliupata wapi bidhaa zilipoadimika, maneno ya wahusika yaliandikwa na nani, mhariri alikataa nini na kwa sababu gani. Kwa mchoraji aliyefanya kazi katika gazeti la chama wakati wa chama kimoja, kisha akaona magazeti binafsi yakichipuka baada ya 1992, simulizi hiyo ni sehemu ya historia ya uhuru wa kusema katika nchi yetu. Kinasasauti na kijana wa chuo kikuu mwenye subira vinatosha.

Natambua pingamizi moja ambalo ni la haki. Baadhi ya vibonzo vya zamani vinaudhi. Vimo vinavyofanya kipigo cha mke kuwa kichekesho, vimo vinavyomdhihaki mtu wa shamba kwa kuwa tu ametoka shamba, na vimo vinavyomchora mwanamke kana kwamba hana kichwa. Sivitetei, na sitaki vichapwe upya kwa watoto bila neno la kueleza. Lakini mkusanyiko uliochujwa ili upendeze utatudanganya kuhusu sisi wenyewe. Vitunzwe kama vilivyo, viwekewe maelezo yaliyoandikwa na watu wanaojua, na msomaji mtu mzima aachwe apime. Pingamizi jingine, kwamba vibonzo ni vitu vya watoto, halina uzito: Uhuru halikuwa gazeti la watoto, na wanafunzi walikuwa wakilisoma Sani kwa kujificha hasa kwa sababu liliandikwa kwa wakubwa.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunakusanyika kusikiliza mada na ngonjera. Ingependeza mno kama katika maadhimisho yajayo BAKITA na BASATA wangetenga ukuta mmoja kwa ajili ya vibonzo vya zamani, jina la kila mchoraji likiwa chini ya kazi yake, na kuwaalika wananchi walete nakala walizonazo zipigwe picha papo hapo na kurudishwa. Naamini mtashangaa ni watu wangapi watakuja na mifuko ya plastiki mikononi.

Ombi langu la kwanza kabisa, kabla ya bajeti na kamati, ni orodha. Bodi ya Maktaba na Idara ya Nyaraka zitangaze hadharani ni matoleo gani ya majarida ya vibonzo yapo katika hazina zao na yapi hayapo, ili sisi tulio nayo majumbani tujue ni mapengo gani tunaweza kuyajaza. Majarida niliyonayo, mengi yakiwa ya Sani na machache yakiwa yamepoteza majalada, nitayakabidhi bila malipo kwa maktaba yoyote itakayonipa hati ya kupokea na ahadi ya kuyatunza. Wenzangu ninaobadilishana nao nakala wamesema watafanya hivyo pia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa vibonzo,
Dar es Salaam